Kagera, Miaka Kumi: Akaunti Mbili Zenye Jina Moja

Septemba 10, 2026 ni miaka kumi tangu ardhi itikisike Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na dakika 27 alasiri. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na katika muda mfupi mno kuta za matofali mjini Bukoba na vijiji vya jirani zilikuwa chini. Watu wasiopungua 17 walifariki, zaidi ya 250 wakajeruhiwa, na katika hesabu za mwanzo nyumba 840 zilikuwa zimeanguka kabisa. Idadi hiyo ilizidi kupanda kadiri wakaguzi walivyofika vijijini. Mtikisiko ulisikika Uganda, Rwanda, Burundi na hata magharibi mwa Kenya.

Kinoo, pembezoni mwa Nairobi, Kenya, iko mbali na Bukoba. Lakini kumbukumbu hii inatuhusu sisi wakazi wa mitaa hii ya kando ya barabara ya Nakuru kwa sababu moja: tunachanga mno. Tunachangia matanga, gharama za hospitali, karo, paa la kanisa. Kila kikundi cha WhatsApp kina orodha yake. Anayetuma hela hunakili orodha yote, huongeza jina lake na kiasi alichotoa, kisha huirudisha kikundini, ikazidi kurefuka: 14, Baba Njeri, 500, 15, Mama Kevo, 1,000, 16, Jirani wa juu, 300. Mhazini akiona jina halina muamala kwenye simu yake, huuliza papo hapo, mbele ya wote. Aliyechanga anajua hela zake ziko kwa nani, na jamaa wa mgonjwa anajua atapokea ngapi.

Janga likitokea mbali, uwazi huo hupotea. Mtu yuleyule anayefuatilia mia tano za matanga hutuma elfu mbili za tetemeko kwa namba aliyoiona kwenye picha iliyosambazwa, kisha akasahau. Kisa cha Kagera kinaonyesha ni kwa nini hilo ni hatari.

Mitetemeko si jambo geni kwetu. Ukitoka Kinoo, ukapita Gitaru na Limuru ukashika njia ya Nakuru, si muda unafika ukingo wa Bonde la Ufa. Humo ndimo lilimotokea tetemeko kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini, la Subukia, Januari 6, 1928, lenye ukubwa wa 6.9. Ardhi ilipasuka kwa kilomita kadhaa kwenye mteremko wa Laikipia. Eneo lile lilikuwa na majengo machache, ndiyo maana kisa chenyewe hakisimuliwi sana. Tetemeko kama lile likirudi leo, litakuta Nakuru, Nyahururu na Nairobi yenye ghorofa kila upande, Kinoo ikiwamo.

Historia ya kuchanga nayo inajulikana na wengi. Juni 1, 1963, siku Kenya ilipopata serikali ya ndani, Jomo Kenyatta aliwapa wananchi wito wa Harambee, na shule na zahanati nyingi zikajengwa kwa sarafu za wanavijiji. Desemba 21, 1965 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililokuwa hapo awali tawi la lile la Uingereza. Agosti 7, 1998 bomu lililipua ubalozi wa Marekani jijini, na Wakenya wakapanga foleni kutoa damu. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa. Julai 2011, njaa ilipokuwa imeikumba kaskazini, Msalaba Mwekundu chini ya Abbas Gullet, wakfu wa Safaricom, benki ya KCB na wamiliki wa vyombo vya habari walianzisha kampeni ya "Kenyans for Kenya". Walilenga shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, nao wananchi wakavuka lengo hilo. Tangu hapo, mtu wa kawaida hahitaji kwenda benki wala kusubiri mwanasiasa amwite jukwaani ili atoe.

Kagera yenyewe ilianza vizuri. Siku iliyofuata tetemeko, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Bukoba kwenye maombolezo. Rais John Magufuli aliahirisha safari ya Zambia alikokuwa amealikwa kwa kuapishwa kwa Edgar Lungu. Jijini Dar es Salaam, Waziri Mkuu aliwaita mabalozi na wafanyabiashara, na kwa kikao kimoja zikapatikana ahadi za zaidi ya shilingi bilioni moja za Tanzania. Wabunge walitoa posho yao ya siku moja. Rais Yoweri Museveni alitoa dola 200,000. Kenya nayo ilipeleka mabati, mablanketi na magodoro. Kampuni, makanisa, misikiti na watu binafsi walifuata.

Ili fedha zisitawanyike, ilifunguliwa akaunti rasmi ya benki kwa jina la "Kamati Maafa Kagera", na namba yake ikatangazwa redioni na magazetini. Ulikuwa uamuzi mzuri: mlango mmoja, jina moja, kamati moja.

Kabla Septemba haijaisha, nchi ilipata habari kwamba kulikuwa na akaunti ya pili. Serikali ilidai kuwa baadhi ya viongozi wa mkoa walikuwa wamefungua akaunti nyingine kwa jina lilelile la "Kamati Maafa Kagera", kwa nia ya kujipatia michango. Magufuli alitengua papo hapo uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba. Mhasibu mkuu wa mkoa alisimamishwa kazi, na meneja wa tawi la benki akatiwa kwenye orodha ya watuhumiwa. Walikamatwa na kufikishwa mahakamani.

Mwenye kuchanga angewezaje kugundua? Kwenye hundi huandikwa jina la mpokeaji na kiasi cha fedha. Jina lilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa tarakimu za akaunti tu, na ni nani kati yetu anayesoma tarakimu zote kumi na kitu? Matapeli wa leo wa namba za paybill hutumia ujanja wa aina hiyohiyo: jina linalofanana na la shirika linalojulikana, picha ya mtoto anayelia, na namba ambayo si ya shirika hilo.

Magazeti ya Dar es Salaam yalishughulika na akaunti ile kwa majuma, na ilistahili. Lakini ugomvi uliozama zaidi ulikuja miezi mitatu baadaye, nao haukuhusu wizi hata kidogo. Mwanzoni mwa Januari 2017 Magufuli alifika Kagera na kuwaambia wananchi kwamba serikali haitawajengea nyumba. Hoja yake ilikuwa kwamba tetemeko halikuletwa na serikali, kwamba haina uwezo wa kumjengea kila mtu, na kwamba fedha zilizopatikana zitatumika kukarabati miundombinu ya umma: shule, zahanati, barabara.

Walionung'unika walikuwa na hoja pia. Waliochanga wengi waliona kwenye televisheni familia zikilala chini ya migomba mbele ya vifusi vya nyumba zao, na walitoa kwa ajili ya watu hao. Wapinzani bungeni na waathirika wenyewe waliuliza ni kwa idhini ya nani mchango wa nyumba uligeuka kuwa mchango wa shule. Mabati na saruji zilifika kwa baadhi ya familia, lakini wengi walijijengea wenyewe polepole, wengine kwa miti na udongo.

Kwa upande mwingine, matokeo ya shule yanaonekana hadi leo. Sekondari ya Ihungo, moja ya shule kongwe za Bukoba, ilikuwa imeharibika kiasi cha wanafunzi kuhamishwa. Uingereza ilitoa fedha za kuijenga upya, na Januari 2021 Magufuli aliizindua. Yeyote anayesema fedha za tetemeko zote ziliyeyuka amekosea, kama anavyokosea anayesema waathirika walitendewa haki.

Mtazamo wangu ni kwamba jeraha la Kagera halikusababishwa na wizi pekee. Fedha zilipokelewa kabla ya wapokeaji kutamka zitafanya nini. Kama siku ya kwanza ingetangazwa kwamba akaunti ile ni ya shule na hospitali, wengi wangechanga vilevile, na mwenye kutaka kumsaidia mama aliyelala nje angetafuta mlango mwingine. Aliyechanga ana haki ya kujua kusudi kabla hajatoa na hesabu baada ya kutoa.

Si Tanzania peke yake. Februari 6, 2023 matetemeko mawili makubwa yaliua zaidi ya watu 50,000 Uturuki na Syria. Wiki chache baadaye ilibainika kwamba kampuni ya Hilali Nyekundu ya Uturuki ilikuwa imeliuzia shirika la hisani la Ahbap mahema 2,050 kwa lira milioni 46, siku ambazo watu walikuwa wakilala kwenye theluji. Wananchi waliochangia pande zote mbili walihisi wamelipia hema moja mara mbili. Mkuu wa Hilali Nyekundu alijiuzulu Mei mwaka huo. Sheria haikuvunjwa waziwazi, lakini imani ilivunjika.

Basi mkazi wa Kinoo afanye nini tetemeko lijalo likitangazwa? Kwanza, aache haraka. Matetemeko yana kawaida ya kuchangiwa kwa siku tano na kusahaulika kwa miaka mitano, ilhali ujenzi ndio hula fedha nyingi. Mashirika makubwa huwa hayasubiri M-Pesa yako ili kutuma mahema ya kwanza. Shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lina mfuko wa dharura tangu 1985 ambao huchotwa saa zilezile za mwanzo, kisha hujazwa na michango. Ukitoa wiki ya tatu, bado umetoa.

Pili, atoe fedha, si nguo. Tunapenda kufungua kabati na kutoa makoti. Baada ya tsunami ya 2004, jimbo la Aceh lilipokea takriban tani 4,000 za dawa, nyingi zikiwa na maandishi yasiyosomeka huko au zimepitwa na wakati, na wenyeji wakabaki na kazi ya kuziteketeza. Gunia la mitumba linalosafirishwa kutoka Nairobi hadi nchi ya mbali linaweza kugharimu zaidi ya bei yake, na huko linaua soko la muuza nguo ambaye naye ameathirika. Fedha zinanunua mabati Bukoba, kwa fundi wa Bukoba.

Tatu, asichukue namba kutoka kwa picha iliyosambazwa. Aitafute kwenye tovuti ya shirika lenyewe au apige simu ofisini, kisha asome jina la mpokeaji linalojitokeza kwenye ujumbe wa M-Pesa neno kwa neno. Nne, aulize swali lile ambalo Kagera haikuulizwa mapema: fedha hizi ni za nini? Mashirika mengine humruhusu mchangaji kuchagua janga husika, mengine huziweka kwenye mfuko wa jumla. Njia zote mbili ni halali, mradi imesemwa.

Tano, na hapa ndipo tunapofeli, afuatilie. Sheria zetu zinasaidia kidogo: ile ya kukusanya michango hadharani inataka kibali, na ile ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013, ilianza kutumika Mei 14, 2024 baada ya kukaa kabatini miaka kumi na moja. Baada ya maandamano ya vijana mwaka huo, Rais William Ruto naye alipiga marufuku maafisa wa umma kushiriki harambee. Marufuku hiyo inalenga bahasha za wanasiasa. Lakini hakuna kati ya hayo yote linaloweza kumlazimisha mchangaji wa Kinoo kusoma taarifa ya mwaka ya shirika alilolipa.

Inasikitisha kwamba katika miaka kumi hii tumekuwa hodari wa kutoa na wavivu wa kuuliza. Kikundi kinachoweza kumhoji mhazini kwa mia tatu iliyopotea hakijawahi kutuma barua pepe moja kwa shirika lililopokea laki nzima kutoka kwao. Kamati za makanisa, vyama vya wapangaji na vikundi vya akina mama tayari vinajua kazi hii. Vichague mtu mmoja wa kuandika jina la shirika, namba iliyolipwa, tarehe na kusudi lililotangazwa, na miezi sita baadaye aisome taarifa ya shirika hilo mbele ya wenzake. Shirika lisilojibu lisichangiwe tena na kikundi hicho.

Wakati huohuo tusisahau kwamba mchango bora zaidi dhidi ya tetemeko hutolewa kabla halijatokea. Kagera iliuliwa na kuta zaidi ya ardhi. Ghorofa zinazoota Kinoo, Uthiru na Muthiga kila mwezi zinahitaji mkaguzi anayepanda ngazi na kupima nondo, na mpangaji anayethubutu kumwomba mwenye nyumba cheti cha ukaguzi kabla ya kulipa amana. Hilo haligharimu hata shilingi moja ya M-Pesa.