Kuijua Nchi ni Kuitetea

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, ni desturi kuhesabu magunia yaliyouzwa, maghala yaliyojengwa na vyama vya msingi vilivyojiunga. Hesabu hizo zimeandikwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa twataka kueleza habari ya jambo ambalo bila hilo hapana gunia wala ghala, nalo ni nchi yenyewe pamoja na mvua yake. Siku hizi watu wote husema juu ya mabadiliko ya tabianchi, na vijana wetu wa Nambis huuliza, “Sisi wakulima wadogo wa milimani twaweza kufanya nini?” Jibu letu ni kwamba wenyeji wa nchi hii wameanza kazi hiyo zamani, na historia yao yafaa isomwe kabla ya kuanza kazi mpya.

Wazee wetu Wairaqw, ambao katika vitabu vya kale waliitwa Wambulu, walikaa kwanza katika milima ya Irqwar Da’aw, yaani sehemu za Kainam. Nchi ile ni ya miteremko mikali, na watu walikuwa wengi katika eneo dogo. Hapakuwa na nafasi ya kuhamahama wala kuacha shamba lipumzike miaka mingi. Basi wakajifunza kupindua udongo pamoja na nyasi zake, kupanga matuta kukingama mteremko, kuchimba mifereji ya kupitisha maji ya mvua kubwa, na kufuga ng’ombe nyumbani ili samadi irudi shambani. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Walisukumwa na haja, wakasaidiwa na umoja, kwa maana mkulima mmoja akiharibu mfereji wake, maji humwangukia jirani aliye chini. Hata katika slufay, yaani sala ya wazee mbele ya mkutano, mvua, ardhi na amani ya watu huombewa pamoja, na wote waliohudhuria huitikia.

Mwishoni mwa karne ya 19 watu wakaanza kutoka katika milima ile na kuenea kaskazini na kusini. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, vichaka vyenye mbung’o vikafyekwa, na nchi pana zaidi ikafunguka kwa jembe na kwa mifugo. Lakini maarifa ya mlimani hayakufuata watu kila mahali. Penye nafasi tele, mkulima huona kwamba hana haja ya mfereji. Udongo ukaanza kuchukuliwa na maji, na katika miaka ya 1940 na 1950 Serikali ya kikoloni ikaleta mipango yake ya kupunguza mifugo na kuhifadhi ardhi.

Twapaswa kuwa waadilifu katika kuipima mipango ile. Madhumuni yake mengi yalikuwa na maana, maana mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Kosa lake lilikuwa katika njia, kwa kuwa mwenyeji aliamriwa bila kuelezwa, akatozwa faini bila kuulizwa. Matokeo ya njia hiyo yalionekana wazi huko Uluguru. Mwaka wa 1955, watu waliolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi walikusanyika Matombo kupinga amri hiyo. Polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ule wa matuta ukaachwa. Waluguru hawakuwa adui wa udongo wao. Walikataa kufanywa vibarua katika mashamba yao wenyewe. Hata baada ya Uhuru somo hilo halikukumbukwa daima. Huko Kondoa, jirani zetu, mpango wa kuhifadhi ardhi uitwao HADO ulianzishwa mwaka wa 1973, na mwaka wa 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Majani yalirudi, lakini wenye ng’ombe walibeba gharama ya jambo ambalo hawakuliamua.

Somo la pili lilitoka Hanang. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, Serikali yetu kwa msaada wa Kanada ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, yakiwa chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Mwishowe yalifika karibu ekari 100,000. Ngano ilipatikana, na taifa lilihitaji mkate. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, nao walikuwa na utaratibu wao wa kuhama na mifugo kwa kufuata majira, ili hapana malisho yaliyoliwa mpaka mizizi. Zilipochukuliwa sehemu nzuri kuliko zote, ng’ombe wakasongamana katika zilizosalia, na huko kwenye mashamba trekta zikaacha udongo wazi mbele ya mvua, makorongo yakachimbika.

Wanakijiji wa Mulbadaw hawakushika mikuki. Walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka wa 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, kwa kuwa kijiji hakikuonyesha kwamba kilikuwa kimepewa ardhi hiyo kwa njia ya sheria. Shauri lile lilifuatwa na wengi nchini, na kila aliyelisikia alijifunza kwamba kukaa juu ya ardhi tangu enzi za mababu hakutoshi, ikiwa hakuna karatasi inayotambuliwa na hakimu. Mwenye kutaka kuitetea nchi hana budi kuijua na sheria yake pia.

Somo la tatu ni la furaha zaidi, na halikutoka mbali. Katika Wilaya ya Babati kuna misitu ya miombo iitwayo Duru-Haitemba, yapata hekta 9,000, iliyoko juu ya vilima kati ya vijiji kama Ayasanda, Riroda, Gidas, Bubu na Duru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikusudiwa kuwa hifadhi ya Serikali, na mipaka ikaanza kupimwa. Wanakijiji walipoona alama za mipaka wakadhani kwamba msitu si wao tena, nao wakaharakisha kukata na kuchoma mkaa, kila mtu akijitwalia kabla mwenzake hajatwaa. Hivyo hatua iliyokusudiwa kuuokoa msitu ikawa yauangamiza.

Mwaka wa 1994 shauri likageuzwa. Maofisa wa misitu na wataalamu wao wakakaa na wazee na kuuliza: kama msitu ungekuwa wenu, mngeulindaje? Kila kijiji kikapima sehemu yake, kikachagua kamati na walinzi kutoka miongoni mwa vijana wake, kikaandika kanuni za nini kikatwe na nini kisiguswe. Mwaka wa 1995 sheria ndogo za vijiji hivyo zikapitishwa na Halmashauri ya Wilaya. Chemchemi zilizokuwa zikififia zikaanza kutunzwa, na mtu aliyekata mti bila ruhusa hakukimbizwa na askari wa mbali, alikabiliwa na jirani yake. Mfano ule uliangaliwa na taifa zima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilitoa nafasi kwa kila kijiji cha Tanzania kuwa na msitu wake wa hifadhi. Wakulima wa vilima vya Babati wamo katika historia ya sheria hizo.

Karibu zaidi na sisi, katika bonde la Yaeda ndani ya Wilaya ya Mbulu, Wahadzabe walikuwa wakipungukiwa na pori lao mwaka hata mwaka. Mwaka wa 2011, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja. Kiongozi wa shirika hilo, Edward Loure, mzaliwa wa Simanjiro, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka wa 2016. Walipokwisha kuwa na hati, Wahadzabe waliweza kuingia katika biashara mpya ya hewa ukaa. Yapasa tuieleze, kwa maana wengi wamelisikia jina lake tu.

Mti unapokua huvuta hewa ukaa na kuifanya kuwa sehemu ya shina na mizizi yake. Ukikatwa na kuchomwa, hewa hiyo hurudi angani. Kwa hiyo msitu unaoponywa na shoka huzuia tani kadhaa za hewa hiyo zisipande, tani hizo hupimwa na kuthibitishwa, na makampuni au watu wa nchi za mbali hulipa fedha kwa kila tani. Katika bonde la Yaeda fedha hizo zimelipa walinzi wa pori na kusaidia mahitaji ya vijiji kama vile elimu na matibabu. Mwaka wa 2022 Serikali ilitoa kanuni za biashara hiyo nchini. Kwa sababu hiyo mawakala huweza kufika katika kijiji chochote wakiwa na mikataba ya miaka mingi. Sisi hatusemi kwamba mikataba hiyo ikataliwe, wala hatusemi ikubaliwe. Twasema isomwe yote, kwa lugha inayoeleweka, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na asitie sahihi mtu mmoja kwa niaba ya wote.

Sasa, kwa nini hewa hii imekuwa neno la dunia? Kipimo kilichoanzishwa mwaka wa 1958 juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, kilionyesha sehemu 315 hivi za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Hewa hii hufunika dunia kama blanketi, na joto la jua haliwezi kutoka upesi. Mwaka wa 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa. Sehemu kubwa ya hewa hiyo imetoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa na mataifa yenye viwanda. Bara zima la Afrika halitoi zaidi ya asilimia 4 au karibu yake. Hivyo mkulima wa Nambis hakuleta ugonjwa huu, lakini homa yake amekwisha kuipata.

Ushahidi tunao hapa hapa. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikateremka mpaka Katesh na vijiji vya kando yake. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku zile mataifa yalikuwa yamekutana Dubai kujadili tabianchi, na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa huko, alikatiza safari yake. Wataalamu waliochunguza mvua za msimu ule katika Afrika ya Mashariki walikuta kwamba joto la bahari lilizizidisha, na kwamba ongezeko la joto la dunia limechangia ukali wake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua za El Niño zaja. Hapana tangazo la msimu liwezalo kutaja siku ya mlima kumeguka. Lakini tangazo lisilofika kijijini haliwezi kumhamisha hata mtu mmoja kutoka kando ya korongo.

Tusidhani kwamba kutetea nchi ni kazi ya wasomi wa miji mikubwa tu. Wangari Maathai wa Kenya alianza mwaka wa 1977 kwa kuotesha miche pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Vanessa Nakate wa Uganda alisimama barabarani Kampala mwaka wa 2019 na bango mkononi, akiwa na watu wachache sana, na baada ya muda mfupi sauti yake ikasikika katika mikutano ya mataifa. Mmoja alishika jembe na mwingine bango. Wote wawili walianza kwa kujifunza, kisha wakawaita jirani zao.

Je, kazi hii ni ya ushirika? Bila shaka. Mwaka wa 1995, katika mkutano wa Manchester, vyama vya ushirika vya dunia vilithibitisha kanuni saba, na ya saba ni kujali jamii, yaani kufanya kazi kwa maendeleo ya kudumu ya mahali wanapokaa wanachama. Tena ushirika una kitu ambacho mwanaharakati mmoja hana: una ghala ambapo watu wote hukutana, daftari la majina, na mkutano ambao kila mtu ana kura moja.

Kwa hiyo kwa miaka kumi ijayo twaleta mashauri manne mbele ya wanachama. Kwanza, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ubandikwe katika kila ghala na kusomwa kwa sauti siku ya kupokea mazao, ili mpanda maharage na mpanda ngano wajue majira kabla ya kununua mbegu. Pili, kila chama cha msingi kiulize kijiji chake kama msitu na chemchemi zake zina mipaka iliyoandikwa na sheria ndogo. Kama havina, kazi ianzie hapo. Tatu, sehemu ya ziada ya mwaka itengwe kwa miche ya kupanda kando ya vijito na kwa kurudisha matuta katika miteremko iliyoachwa wazi. Nne, mkataba wowote wa ardhi au wa hewa ukaa uletwe kwanza katika mkutano wa wanachama, na vijana waliosoma wawasomee wazee.

Shauri la tatu litagusa mfuko wa kila mmoja, na twajua litaleta ubishi. Na ubishi uwe, lakini mwanachama atakayesimama kulipinga na aeleze pia kwamba udongo wa shamba lake utashikwa na nini mvua kama ile ya mwaka 2023 itakaporudi. Wazee wa Irqwar Da’aw walilijibu swali hilo kwa jembe na kwa umoja. Ushirika uliobarikiwa kwa miaka kumi waweza kulijibu pia, na daftari la kura litakuwa wazi siku ya Mkutano Mkuu.