Malaria inatoka wapi? (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Handeni na Korogwe, hili swali la darasani linaokoa mtoto. Zamani Ulaya walidhani malaria ni hewa mbaya, ndiyo maana ya jina lenyewe. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross akakuta vimelea vyake ndani ya mbu.

Mwaka 2007 watoto 894 wa Kilifi na Korogwe yetu wakaingia majaribio ya chanjo ya RTS,S. Waliopata chanjo hiyo, malaria ilipungua karibu nusu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Akina mama wale nao walichangia!

Basi degedege tusisingizie shetani. Mtoto ana homa, anakakamaa? Zahanati sasa hivi, siyo kesho.