Kipato Rulenge na jirani zake: nani hupanda, nani hubaki alipo

Wakati wa kupalilia maharage, mwenye shamba na kibarua wake hushika majembe ya aina moja na kufuata mstari mmoja. Jioni mmoja humlipa mwenzake. Kila mtu anaona tofauti hiyo. Lisiloonekana kwa macho ni kama baada ya miaka kumi yule kibarua atakuwa bado kibarua, na mtoto wake atakuwa nani.

Hapa kuna mambo mawili ambayo katika mazungumzo huchanganywa. La kwanza ni pengo la kipato: nani ana kiasi gani leo. Hiyo ni kama picha iliyopigwa mara moja. La pili ni kupanda na kushuka: mtu yuleyule alikuwa wapi zamani na sasa yuko wapi. Pengo linaweza kubaki vilevile miaka yote huku watu wakibadilishana nafasi. Linaweza pia kubaki vilevile, na walio chini wakawa walewale, baba, mwana na mjukuu.

Katika mishahara ya serikali pengo limewahi kupunguzwa kwa makusudi. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alieleza kuwa mwaka 1961 mshahara wa juu serikalini, baada ya kodi, ulikuwa kama mara 50 ya kima cha chini. Mwaka 1967 ulikuwa mara 20, na mwaka 1976 ulishuka hadi mara 9 hivi. Siku hizi pia kima cha chini hupandishwa: Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa cha watumishi wa umma kitatoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai. Habari njema kwa mwalimu na muuguzi. Lakini huku kwetu wengi hawana hati ya mshahara. Wanaishi kwa kahawa, ndizi, maharage na vibarua, na tangazo kama hilo huwafikia kwa kuzunguka sana, likiwafikia.

Kilichowahi kutikisa kipato cha Ngara kwa ghafla ni mwaka 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Baada ya muda mfupi wakimbizi waliwazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Mwenye shamba kubwa alipata watu wa kulima kwa bei nafuu na soko la ndizi mlangoni, akapanua shamba. Kibarua mwenyeji aliumia, kwa sababu alishindana na mtu mwenye mgawo wa chakula aliyeweza kukubali malipo madogo. Mashirika ya misaada nayo yalihitaji madereva, walinzi, makarani na wauguzi, na yalilipa vizuri kiasi kwamba baadhi ya watumishi waliacha kazi za serikali. Tukio lilikuwa moja, lakini mmoja alipanda na jirani yake akashuka. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na sehemu kubwa ya kazi hizo ikaondoka nao.

Kwa bahati, mkoa wa Kagera una kumbukumbu ambayo mikoa michache Afrika inayo. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji zaidi ya kaya 900 katika wilaya zote za mkoa za wakati ule, Ngara na Biharamulo zikiwemo. Nia ya mwanzo ilikuwa kujua vifo vya watu wazima kwa ukimwi vinaziathiri vipi familia. Mwaka 2004, na tena 2010, watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale, hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Kaya zile 900 na kitu zilikuwa zimegawanyika kuwa zaidi ya 2,700 kufikia 2004: watoto walikua, wakaoa, wakaolewa, wakaenda zao.

Hawakuwalinganisha watu kwa mshahara. Mtu anayelima, anayeuza mkungu wa ndizi na kubeba mizigo siku ya soko hawezi kukutajia kipato cha mwaka. Walipima matumizi ya nyumbani: chakula, nguo, ada, sabuni.

Matokeo yake yanafaa kujulikana kila kijiji. Waliohama, matumizi yao yalikua zaidi ya yale ya waliobaki kwa alama 36 za asilimia katika miaka 13. Tuseme kama matumizi ya aliyebaki yalikua kwa asilimia 10, ya ndugu yake aliyehama yangekua kwa 46. Tunasema ndugu kwa sababu ndivyo walivyolinganishwa: watu waliotoka katika kaya moja, waliokula chungu kimoja mwaka 1991. Kuacha kilimo kulisaidia sana. Hata hivyo, aliyehama na kuendelea kulima alimzidi mkulima aliyebaki. Miongoni mwa waliobaki kijijini umaskini ulipungua kidogo tu. Kwa waliotoka nje ya mkoa ulipungua mno.

Kuhama kwa ajili ya kazi si jambo geni huku. Enzi za Waingereza Wahangaza na Wasubi walikwenda Buganda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa na pamba. Ila si kila mtu anaweza kuondoka. Utafiti ulionyesha kuwa vijana ambao hawajaoa wala kuolewa huondoka kwa urahisi zaidi. Wenye nyumba na wake zao hubaki. Wanawake wengi walihama kwa ndoa, wanaume kwa kutafuta kazi. Anayebaki na wazee huangalia pia migomba ya ndugu zake, na kazi hiyo haiingii katika hesabu ya mtu.

Njia nyingine ni kazi kumfuata mtu alipo. Biharamulo walionja hilo katika mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ulioanza uzalishaji mwaka 2005. Mwaka 2013 mwekezaji aliondoka na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, likauchukua. Sasa macho ya Ngara yako kwenye nikeli ya Kabanga, iliyopata leseni kubwa ya uchimbaji mwaka 2021. Mgodi huhitaji vibarua wengi wakati wa kujenga, na mafundi wachache zaidi unapoanza kuzalisha. Kijana wa Rulenge anayetaka kuwa miongoni mwa hao wa pili anapaswa kuwa chuo cha ufundi kabla ujenzi haujamalizika.