Safu ya Lugha: Kupika biti

Kurasa za burudani zimezoea kutuambia kuwa ngoma fulani "imepikwa" na prodyuza fulani. Wapo wanaokereka. Mimi nakiona kitenzi hiki kinamfaa kuliko "kurekodi" yule anayeanzia chumbani kwake, na kompyuta, maikrofoni moja na programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, au FL Studio, iliyozaliwa mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Kurekodi ni kunasa tu. Kupika kuna maandalizi, na hapo ndipo wengi huteleza. Hukimbilia viungo, yaani mwangwi na madoido mengine, kabla sauti yenyewe haijakaa sawa. Ikiingia kwa nguvu hadi alama nyekundu ikawaka, imeshapasuka, na kuirekebisha baadaye ni kazi bure. Ipunguze mapema, vilele vikicheza kwenye desibeli hasi 12 hivi, panatosha. Ukijisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, punguza ukubwa wa bafa kwenye mipangilio.

Wengine husema "kugonga biti". Sina ugomvi nao, ila kinanda nacho hugongwa?