Watoto wa Kigogo Aliyeanguka

Mwaka 1962 magazeti ya China yalianza kuchapisha sehemu za riwaya kuhusu Liu Zhidan, kamanda wa kikomunisti aliyeuawa vitani mwaka 1936. Mwandishi wake, Li Jiantong, alikuwa mke wa mdogo wake Liu, na rasimu alikuwa amemwonyesha Xi Zhongxun, naibu waziri mkuu aliyepigana pamoja na kamanda huyo kule Shaanxi. Kang Sheng, bingwa wa kunusa wasaliti ndani ya chama, akadai kwamba riwaya ile ilikuwa inamsafisha Gao Gang, kigogo aliyeng'olewa madarakani akajiua mwaka 1954. Kamati Kuu ilipokutana Septemba, Xi akawa ameangushwa kwa kitabu ambacho hakukiandika.

Mwanawe Jinping alikuwa na umri wa miaka tisa. Mpaka hapo yeye na ndugu zake walikuwa wamelelewa kama watoto wa wakubwa, wakisoma katika shule za bweni za watoto wa maofisa wa jeshi na chama. Mwaka 1965 baba alipelekwa Luoyang, kwenye kiwanda cha mitambo ya migodini, na familia ikabaki Beijing. Mwaka uliofuata yakazuka Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kiongozi wa China Mao Zedong dhidi ya waliodaiwa kuwa maadui wa mapinduzi, na kosa la baba likawa la nyumba nzima.

Wahenga wetu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Walinzi Wekundu wa kwanza, vijana wafuasi wa Mao, waliigeuza fikra ya namna hiyo kuwa sheria. Faili la kila mtu lilitaja asili ya ukoo wake, mkulima maskini au mwenye ardhi, mwanamapinduzi au msaliti, na kwa faili hilo iliamuliwa nani asome, nani aajiriwe na nani apigwe. Kejeli ni kwamba walioipigia debe zaidi fikra hiyo ya damu walikuwa watoto wa vigogo wenyewe, ambao wengi wao waliona baba zao wakiburutwa majukwaani kabla mwaka haujageuka. Kijana mmoja wa Beijing, Yu Luoke, ambaye wazazi wake walikuwa wamebandikwa jina la watu wa mrengo wa kulia, aliandika makala kupinga mtu kupimwa kwa ukoo wake. Machi 1970 alipigwa risasi, akiwa na miaka 27.

Nyumbani kwa Xi, mzigo ulimwangukia mama, Qi Xin. Inasimuliwa kwamba Jinping alipandishwa jukwaani mbele ya umati, kichwani kavikwa kofia ya chuma nzito kiasi kwamba aliishikilia kwa mikono miwili, na mama yake, aliyekaa chini miongoni mwa watu, akalazimika kuinua mkono na kupaza sauti pamoja nao kumlaani mwanawe. Inasimuliwa pia kwamba usiku mmoja wa mvua kijana alitoroka kizuizini akafika nyumbani ameloa, ana njaa. Mama hakumpa hata chakula. Alitoka kwenda kutoa taarifa. Ni rahisi kumhukumu. Lakini ndani ya nyumba ile walikuwamo watoto wengine, na kama naye angekamatwa, wangebaki na nani?

Baba mwenyewe, baada ya kuchukuliwa na Walinzi Wekundu hadi Xi'an mwaka 1967, alirudishwa Beijing na kufungiwa kambini chini ya jeshi. Mwalimu Nyerere alipokaribishwa mjini humo kwa ziara yake ya pili, Juni 1968, Xi alikuwa bado kizuizini.

Desemba mwaka huo Mao akaagiza vijana wa mijini waende vijijini kufundishwa na wakulima. Kabla mpango huo haujakoma, vijana wapatao milioni 17 walikuwa wamepelekwa. Familia ya Xi ilitawanyika: Qiaoqiao, dada yake Jinping, alikwenda Mongolia ya Ndani, mama akapelekwa Henan kwenye kambi ya kazi ya watumishi wa serikali, na Jinping, mwenye miaka 15, akapanda treni kuelekea Shaanxi. Katika kijiji cha Liangjiahe alilala ndani ya pango lililochimbwa kwenye kilima cha udongo wa manjano, yeye na wenzake juu ya kitanda kimoja cha udongo, huku viroboto wakimwuma hadi ngozi ikafura. Baada ya miezi michache alitoroka kurudi Beijing, akakamatwa, akarejea kijijini. Alikaa huko miaka saba. Inasemekana walipoonana tena mwaka 1972, baba aliwatazama wanawe wawili asijue yupi ni yupi.

Siku hizi Liangjiahe ni kivutio. Wageni huonyeshwa pango na shimo la gesi ya samadi lililochimbwa mwaka 1974, na huelezwa jinsi shida zilivyomkomaza rais wa baadaye. Mimi hadithi hiyo hainishiki. Inawahesabu waliotoka salama tu. Heping, dada yake Jinping wa mama mwingine, aliteswa miaka hiyohiyo na hakutoka hai. Mateso yale yalimkomaza vipi yeye?

Mwaka 1978 baba alirudishiwa heshima yake na kupelekwa Guangdong, ambako alisukuma mpango uliozaa eneo maalumu la uchumi la Shenzhen. Mwaka uliofuata riwaya ikaruhusiwa kutoka, na mahakama ya Beijing ikatamka kwamba Yu Luoke hakuwa na hatia.