Mkurugenzi wa michezo ni nani, na kwa nini ajira yake huzua ubishi?

Timu ikifungwa mfululizo, lawama humwangukia kocha. Aliyemwajiri hutajwa kwa nadra. Kisa cha Dan Ashworth na Manchester United kinaonyesha kwa nini tunapaswa kuitazama pia ofisi iliyo juu ya benchi la ufundi.

Kazi yake ni ipi?

Mkurugenzi wa michezo husimamia mambo yanayodumu kuliko kocha: kusaka vipaji, kununua na kuuza wachezaji, na kumtafuta kocha mpya wa kwanza akiondoka. Makocha hubadilika, yeye hutarajiwa kubaki na mpango.

United ilichelewa kuwa na cheo hicho. Sir Alex Ferguson na mtendaji mkuu David Gill waliondoka pamoja mwaka 2013, na uongozi ukashikwa na Ed Woodward, aliyetokea kwenye benki. Mkurugenzi wa kwanza wa soka, John Murtough, aliteuliwa Machi 2021.

Nini kilitokea mwaka 2024?

Februari, Sir Jim Ratcliffe alinunua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa usimamizi wa soka. Murtough aliondoka Aprili. Ashworth, aliyekuwa Newcastle, alisubiri miezi kadhaa huku klabu hizo mbili zikivutana kuhusu fidia, kisha akaanza kazi Julai 1. Desemba 8, United ilitangaza kwamba wameachana kwa makubaliano. Alikuwa amedumu miezi 5 tu.

Uamuzi wa kumbakiza kocha Erik ten Hag ulifikiwa Juni, kabla Ashworth hajaanza kazi. Mkataba wa kocha ukaongezwa Julai, na Oktoba 28 akafukuzwa.

Wapenzi wa soka wanabishania nini?

Upande mmoja unasema kosa likigunduliwa lirekebishwe mapema, kwani kumvumilia mtu asiyefaa huigharimu klabu zaidi. Upande wa pili unauliza: ikiwa alisubiriwa kwa muda wote huo, mbona hakupewa hata msimu mmoja?

Bei ya maamuzi hayo inajulikana. Hesabu za klabu zilionyesha pauni milioni 10.4 kwa kuondoka kwa Ten Hag na wasaidizi wake, na milioni 4.1 kwa Ashworth. Mwaka huohuo United ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, na Februari 2025 ikatangaza kupunguza wengine kati ya 150 na 200. Waliopoteza ajira hawakuwa wamemchagua kocha wala mkurugenzi.

Tupime vipi?

Tunapomhukumu mkurugenzi, tusiishie kwenye matokeo ya Jumamosi. Tuulize nani alikuwa na neno la mwisho, na kama aliyepewa cheo alipewa pia mamlaka. Bila hilo, klabu inaweza kubadilisha majina mlangoni kila msimu na matatizo yakabaki yaleyale.