Neno Moja, Mwili Mzima

Vijana wengi tunaoandika tunadhani kutafsiri kitabu ndiyo kazi, na kutafsiri neno moja ni mchezo wa kufungua kamusi tu. Mimi nasema kinyume. Kitabu hujieleza chenyewe: ukipotea ukurasa huu, unaofuata utakurudisha njiani. Neno lililochomolewa peke yake halina wa kulitetea. Ushahidi wa historia ninao, na umo hospitalini.

Mwaka 1980, kusini mwa Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Jamaa zake, Wakuba wasemao Kihispania, wakamwambia daktari kuwa kijana ni "intoxicado". Kwao neno hilo ni mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Sikio la Kiingereza likasikia "intoxicated", yaani kalewa. Mkalimani hakuitwa. Basi akatibiwa kama mtu aliyezidisha madawa ya kulevya, kumbe damu inavuja ndani ya kichwa! Ilipogundulika, muda ulikwisha pita. Akapooza mikono na miguu. Fidia ilikadiriwa kufikia kama dola milioni 71 kwa maisha yake yote.

Utasema hayo ni ya mdomoni, maandishi hayadanganyi. Haya, twende Berlin, Ujerumani. Kati ya 2006 na 2007 hospitali moja huko ilipokea magoti ya bandia yenye maandishi ya Kiingereza: "non-modular cemented". Maana yake, goti hili si la vipande vya kuunganisha, na hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Ile "non" ilikuwa mali ya neno la kwanza. Wajerumani wakaihamishia kwenye la pili, ikawa goti lisilohitaji saruji. Wagonjwa 47 wakawekewa magoti bila saruji. Jamani, silabi moja tu imehama!

Lugha hizo mbili ni ndugu, na undugu wenyewe ndio mtego. Chukua neno "gift". Mwingereza atakupa zawadi, Mjerumani atakupa sumu. Asili ni moja, kitendo cha kutoa. Kilichobadilika ni kinachotolewa.

Na sisi je? Ukisema mtoto kalewa mihogo, bibi yangu anaelewa papo hapo: ni mihogo michungu. Mgeni mwenye kamusi ataandika kwamba mtoto kanywa pombe, na kamusi itamuunga mkono.

Ndiyo maana katika riwaya ninayoiandika sitafsiri hata salamu ya mgeni kabla sijajua nani kaisema, wapi, na kwa nani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kule Florida lilihitajika swali fupi tu: kalewa nini?